Vipande Viwili vya Kiazi

Shangazi yangu hajawahi kuvaa koti jeupe maishani mwake, lakini zamani ukiuliza mtaani kwetu daktari yuko wapi, nusu ya watu walikuwa wanakuonyesha mlango wake. Nasema zamani. Sasa hivi ukimwita daktari mbele yangu tutakosana, na mimi nikikosana na mtu huwa sina muda wa maneno mengi.

Karakana yetu iko mbele, inatazama barabara. Nyumba iko nyuma. Katikati kuna ua mdogo wenye kamba za nguo na vipande vya vyuma, ukipita gizani bila kuangalia unarudi na kidole cha mguu kinavuja damu. Karakana aliianzisha mume wa shangazi, fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha. Alipofariki ikabaki kwa mtoto wao wa pekee, ambaye watu wote wanamwita Cheche. Cheche ni binamu yangu, lakini tumekulia sufuria moja, kwa hiyo mimi namwita kaka. Mimi wananiita Petroli. Nadhani sina haja ya kueleza.

Jiko la shangazi lilikuwa na rafu moja ndefu. Huko juu kulikuwa na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chupa ya asali iliyofungwa na kitambaa ili sisi tusiifungue, na chumvi ya mawe kwenye kopo la rangi lililosafishwa. Vitu hivyohivyo ndivyo alivyopikia, na hivyohivyo ndivyo alivyotibia. Ulikuwa unakaa mezani hujui kama unakula au unatibiwa. Ukikohoa mara moja, chai yako inakuja na tangawizi mpaka masikio yanatoa moshi. Ukikohoa tena, kitunguu saumu kinaingia kwenye uji, na mchumba wako utamtafuta kwa wiki nzima humuoni. Tumbo likikuuma, maharage unayasikia harufu tu; wewe unapewa maji ya wali yenye chumvi kidogo na unaangaliwa mpaka uyamalize. Sisi mafundi tulijifunza kwenda kukoholea barabarani.

Jioni kila fundi alikuwa anapewa kikombe cha maziwa cha kuteremshia moshi. Kukataa haikuwezekana. Niliwahi kumwambia, "Shangazi, mimi leo sikuchomelea, nilibeba tu vyuma." Akaniambia, "Moshi uliupita kwa mbali ukausalimia? Kunywa." Nikanywa.

Lakini jina alilipata kwa kiazi.

Kwa asiyejua kazi yetu: ukitazama mwanga wa kuchomelea bila kioo cheusi, muda ule husikii kitu. Unacheka, unakula, unarudi nyumbani. Jua likishazama ndiyo macho yanaanza. Unahisi kama mtu amekumwagia mchanga halafu akausugua kwa gunzi. Machozi yanatiririka, taa huwezi kuiangalia, na mwanaume mwenye ndevu analia kama kachapwa. Shangazi alikuta hayo akiwa bibi harusi mpya kabisa. Mumewe karudi nyumbani anapapasa ukuta, yeye hajaambiwa na mtu kwamba kazi hii inafanya hivyo, akajua tayari ameolewa na kipofu. Alikuwa anamenya viazi vya chakula cha jioni. Hakukimbilia kitu kingine. Alichonacho mkononi ndicho alichokikata, vipande viwili vyembamba, akamfunika macho navyo. Asubuhi mume akafumbua macho.

"Aliniangalia," shangazi alikuwa anapenda kusimulia, "kama ndiyo kwanza ananiona. Akasema, kumbe nimeoa mrembo hivi?"

Tulikuwa tunaijua hadithi hiyo mpaka tunaimalizia kabla yake. Ninaileta hapa ili uelewe vizuri kile kiazi kilikuwa nini. Kilikuwa ndoa yake.

Basi mafundi wa barabara nzima wakawa wanakuja. Ndoo ya rangi inageuzwa, unakaa, unaegemea ukuta wa jiko, shangazi anakata vipande viwili, kimoja huku kimoja huku. Na sisi tukaweka sheria yetu: mwenye viazi machoni harudishi neno. Akitukanwa, kimya. Akisingiziwa, kimya. Akifungua mdomo tu, ua mzima unapiga kelele, "Mgonjwa hajibu!" Ilikuwa ndiyo raha yetu. Siku niliyokaa mimi kwenye ndoo, fundi rangi, yule jamaa mrefu anayetupakia rangi mageti yetu, alisimulia jinsi nilivyokimbizwa na bata. Uongo mtupu. Nilikuwa nabubujika machozi ya mwanga na ya hasira pamoja, na sheria imenifunga mdomo. Shangazi mwenyewe alicheka mpaka akashika mlango.

Sasa sikiliza.

Siku hiyo Cheche hakuwa anachomelea. Alikuwa na grinda, ile mashine ya kusaga chuma, anasawazisha maungio ya geti la mteja mwenye haraka. Miwani ya plastiki ilikuwa imekwaruzika haionyeshi kitu, akaishusha shingoni. Cheche ndivyo alivyo, mikono inatangulia. Nikamuona amesimama, anapepesa jicho la kushoto, anajifuta na shati. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Vumbi." Akaendelea.

Jioni jicho likawa jekundu na linatoa machozi. Akaenda mwenyewe kukaa kwenye ndoo. Shangazi akatoka na kiazi na kisu, hata hakuuliza, maana kwake fundi mwenye machozi jioni alikuwa na ugonjwa mmoja tu duniani. Akakata viwili.

Cheche akasema, "Mama, hili la kulia halina shida. Ni hili moja tu."

"Macho ni kama ndara," shangazi akamjibu, "huvai moja. Tulia."

Akamfunika yote mawili. Cheche akafungua mdomo tena, "Lakini mama, hili moja lina—"

"Mgonjwa hajibu!" fundi rangi akapiga kelele, na ua mzima ukaitikia. Watu wakacheka. Cheche naye akacheka, na vile vipande vikateleza, shangazi akavirudisha na kumpiga kofi dogo la shavu. Halafu zikaanza hadithi za kumsingizia, na ile sentensi yake hakuimalizia.

Asubuhi jicho lilikuwa limevimba. Jioni kiazi tena. Kesho yake kiazi, na safari hii shangazi akaongeza maji ya chumvi ya kuoshea, na supu ya kitunguu saumu ya kusafisha damu. Nyumba nzima ilinuka dawa. Shemeji yangu, mke wa Cheche, alikuwa anaangalia tu. Ni mwanamke mpole, mshona nguo, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Siku hiyo alisubiri shangazi amalize kumfunika Cheche, akasema:

"Mama, nilikuwa nafikiria kesho nimpeleke hospitali wakamuangalie."

Shangazi akaweka kisu chini taratibu. Hicho kisu kilipogusa chini ndipo nilipojua kuna vita.

"Wakamuangalie nini ambacho mimi sikioni?"

"Sisemi hivyo, mama."

"Baba yake nilimtibu mimi. Barabara hii yote nimeitibu mimi. Wewe umekuja hapa juzi na cherehani yako, tayari unanipima?"

Shemeji akatazama chini. Mimi nilikuwa mlangoni na damu ishapanda, lakini ugomvi wa mama mkwe na mke wa mwanawe hauna nafasi ya mtu wa tatu. Ukiingia unatoka na ngeu. Wote tukamtazama Cheche, maana jicho ni lake. Alikuwa kwenye ndoo, viazi machoni, haoni sura ya mtu yeyote.

"Tusubiri kidogo," akasema. "Kiazi kinafanya kazi."

Kwa sauti ile hakuna mtu angejua anadanganya.

Asubuhi iliyofuata jicho lilikuwa limefunga na linatoa usaha. Shemeji hakuomba ruhusa tena. Alimshika mkono mumewe, akaniita mimi, tukaondoka. Tulipofika getini shangazi akaja nyuma yetu anakimbia, mtandio umekaa upande.

Daktari wa macho alikuwa dada mdogo tu, nadhani alinizidi umri kidogo. Alimuinamia Cheche na kile chombo chake chenye taa, akakaa kimya muda mrefu. Mimi kimya cha daktari siwezi.

"Kuna nini? Sema basi!"

"Kaka, nisubiri."

"Nisubiri nini? Si ndiyo kazi yako?"

"Petroli," Cheche akasema, "toka nje au nyamaza."

Nikanyamaza. Yule dada akaeleza. Kichembe cha chuma kilikuwa kimezama kwenye kioo cha jicho. Kimeshika kutu, na pembeni yake kimefanya kidonda, na kidonda kimeoza kuelekea ndani. Atalazwa, watakitoa, watapigana na usaha. Kuhusu kuona, hakutaka kuahidi kitu.

"Kwa nini mlichelewa hivi?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

 Nilimuona shemeji anafungua mdomo halafu anaufunga, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Aliyejibu ni shangazi.

"Nilikuwa namtibu mimi. Kwa kiazi. Nilidhani ni mwanga."

"Mama, mwanga wa kuchomelea karibu kila mara unaunguza macho yote mawili. Likiuma moja tu, mara nyingi kuna kitu kimeingia."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Na wale wengine? Wale wa mwanga. Si kiliwaponya?"

Yule dada alisita. Nilitamani adanganye. Kwa macho nilimwambia danganya, lakini alikuwa hanitazami mimi.

"Yale yanapona yenyewe, mama. Siku moja, mbili, yanapona. Kiazi kinapoza tu."

"Kinapoza tu," shangazi akasema.

Akaurekebisha mtandio wake, akaenda kukaa kwenye benchi la nje. Nilimfuata. Nilikuwa na maneno mengi makali na nilikuwa sijui nimtupie nani. Yeye alikuwa anajitazama viganja.

Walikitoa chuma. Usaha waliupiga kwa dawa mpaka ukaisha. Lakini jicho halikurudi. Lilibaki jeupe katikati, kama lina tone la maziwa, na Cheche akilifumba la kulia haoni hata dirisha liko upande gani.

Siku tuliyomrudisha nyumbani, shangazi alikuwa ameshaitoa ile rafu. Siyo kwamba aliiondoa ukutani. Alivitoa vitu vyake vyote. Hakuna tangawizi, hakuna ndimu, chupa ya asali haipo. Jioni maziwa hayakuja. Alikuwa bado anapika, lakini chakula chake kikawa maharage yaliyochemshwa yakaiva, basi. Viazi havikuonekana tena kwenye nyumba ile. Fundi mmoja alikohoa uani, kikohozi kizito cha moshi, sote tukageuka kutazama mlango wa jiko. Hakutoka mtu.

Cheche alijaribu utani. "Mama, nimepoteza jicho, ulimi bado ninao. Hiki chakula umempikia nani?"

Zamani angerushiwa mwiko. Safari hii shangazi alichukua sahani yake, akaongeza chumvi kidogo, akairudisha mbele yake bila kumtazama. Huko ndiko kulikokuwa na msiba wenyewe. Alikuwa hawezi kumtazama usoni mwanawe. Akiongea naye, anaongea na kola ya shati.

Nikamuuliza Cheche, tukiwa wawili karakanani. "Ulijua siyo mwanga?"

"Siku ya pili nilishajua."

"Halafu ukakaa kwenye ndoo unatulia kama kuku wa mayai?"

"Nilisema mwanzo. Mkanizomea." Alikuwa anapanga vijiti vya kuchomelea, anavikosa kwa mkono, anarudia. "Halafu baadaye mke wangu alipoongea, nikasikia sauti ya mama. Ungeisikia vizuri ungejua. Ningesema hospitali pale mbele ya mke wangu, ni kama namwambia mama kwamba baba hakupona."

"Sasa umempa nini? Umemuokoa na nini? Ona alivyo!"

"Usinipigie kelele, Petroli. Nina jicho moja, masikio ni mawili."

Niligeuka nikaondoka, maana ningebaki pale ningempiga mgonjwa.

Niliyempiga ni fundi rangi. Thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ilimrukia mkononi ikamuunguza, akasimama katikati ya ua na mdomo wake mrefu kama yeye, akaita, "Jamani, Daktari Kiazi amefunga zahanati?" Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ni mtu ambaye utani ukimfika kooni hauwezi kumezwa. Lakini dirisha la jiko lilikuwa wazi. Nilimrukia tukaanguka pamoja kwenye geti bichi la kijani, tukainuka wote tumepakwa rangi. Wakatutenganisha. Nilipogeuka, nikaona mkono wa shangazi unatoka dirishani, unavuta ubao wa dirisha, unafunga polepole. Fundi rangi akaliona pia. Akavua kofia yake, akaenda kukaa barabarani peke yake, na siku ile hakurudi kumalizia kazi.

Cheche alirudi kwenye mashine kabla ya muda walioshauri hospitali. Nilimkataza, akaniambia nikae nayo mimi basi, na mimi maungio yangu bado yanavuja. Shida ya jicho moja ni kwamba umbali hauuoni. Anataka kugusisha kijiti kwenye chuma, anakosa, anasogeza uso karibu, anainua kioo kidogo aone vizuri. Mara kijiti kinashika chenyewe, mwanga unawaka, kioo bado kiko juu. Nilimuona akifanya hivyo. Nikapiga kelele. Akasema, "Hata sijaona kitu."

Jioni, mezani, akaweka kijiko chini. Machozi yalikuwa yanatoka kwenye lile la kulia. Akainuka, akaanza kupapasa ukuta.

Shangazi alikuwa anatoka jikoni na sufuria. Alisimama pale pale. Mimi sijui alimuona nani, Cheche au mumewe. Sufuria ikaenda chini, maharage yakatapakaa mpaka kwenye miguu yangu, hakuna aliyesogea.

"Linauma moja," akauliza, "au yote mawili?"

Mdomo ulikuwa umeshauliza kabla ya akili. Naamini alikuwa amelikariri swali lile usiku na mchana tangu hospitali, kalishika kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba, ili jambo lile lisimkute tena. Na sasa amelitoa, halifungui chochote.

"Ni hili hili, mama," Cheche akasema. "Sina lingine la kulinganisha."

Shangazi akavuka maharage yale kwa ndara za jikoni, akamshika mwanawe mkono, akatoka naye. Hakuchukua mtandio. Sisi wawili tulimfuata tunakimbia, mimi na shemeji, na yeye yuko mbele anamvuta yule mwanaume mzima kama anamuwahisha shule. Njiani hakusema kitu isipokuwa "jiwe," "shimo," "panda hapa."

Zamu ilikuwa ya yule dada tena. Alimtia matone ya rangi ya njano, akamuinamia na taa yake. Safari hii nilijiuma ulimi mwenyewe. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono yote miwili kwenye mabega ya Cheche, kamkandamiza kana kwamba atapaa.

"Hakuna chuma," daktari akasema. "Nimeangalia kila mahali, nimegeuza na kope. Ni mwanga tu. Litapona."

Shangazi hakusema asante. Aliuliza, "Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia vizuri, mama."

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Mimi yule dada nilikuwa simpendi, lakini aliangalia tena bila kuguna. Akatoa dawa ya matone, akasema jicho lifungwe lipumzike, asitie kitu kingine ndani, akitaka kupunguza maumivu aweke kitambaa safi cha baridi juu ya kope.

Nyumbani Cheche alikataa kitanda. Akapapasa mpaka uani, akaitafuta ile ndoo ya rangi kwa mguu, akaigeuza, akakaa na kuegemea ukuta wa jiko.

"Mama, kiazi kiko wapi?"

"Hakuna kiazi hapa." Shangazi akageuza uso. "Umemsikia daktari. Hakiponyi."

"Nimeomba kuponywa? Nimeomba kipoze. Linaniwaka, mama."

Shangazi akasimama mlangoni hatoki, haingii. Ni shemeji aliyeondoka. Alikwenda kwa jirani, akarudi na kiazi kimoja, akakiosha kwa maji mengi, akakunja kitambaa safi kutoka kwenye vitambaa vyake vya ushonaji, akamuwekea mumewe juu ya kope. Halafu akamletea mkwe wake kiazi na kisu, kisu kimegeuzwa mpini mbele.

"Mimi nitakata vinene, mama," akasema. "Nikatie wewe."

Shangazi akanyoosha mkono. Akapokea. Akakata kipande, chembamba, kinapitisha mwanga, akakilaza juu ya kitambaa. Cheche akashusha pumzi. Mkono wa shangazi ukaendelea wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukakata kipande cha pili.

Akabaki amekishika. Alikitazama, akatazama upande wa kushoto wa uso wa mwanawe, na hapo ndipo alipomtazama usoni kweli kwa mara ya kwanza. Kile kipande kilikuwa kinamdondokea maji kwenye kiganja. Shemeji akaweka mkono mdomoni. 

"Mmekata viwili, nimesikia kisu," Cheche akasema, kafumba, kaegemea. "Hicho kingine mpeni Petroli. Akiweke kichwani, huyo ndiye anayewaka zaidi."

"Mgonjwa hajibu," shangazi akamwambia. 

Halafu akaninyooshea kile kipande, machozi yanamtoka macho yote mawili. Nikakipokea, nikakibandika kwenye paji la uso, nikakaa nacho chini pale karibu na ndoo. Kilikuwa cha baridi sana. Sikukitoa mpaka kikadondoka chenyewe.